Usiku Una Kazi Yake: Kelele, Ujirani na Amani ya Kijiji

Mhadhara wa umma kwa wananchi wa kata ya Zagayu, wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu



Niliombwa nizungumzie ugomvi wa majirani unaotokana na kelele. Najua wapo waliotabasamu waliposikia mada. Tumezoea kwamba migogoro ya kijijini ni mpaka wa shamba, ng'ombe walioingia kwenye mtama wa mtu, au fedha za pamba zilizochelewa. Kelele tunawaachia watu wa Dar es Salaam, huko ambako baa, karakana na kanisa vinagawana ukuta mmoja. Sisi tuna nafasi, tuna hewa, na mtu akipiga muziki tunaambiana tuvumiliane, kesho ni zamu yako.

Nimekuja kudai kwamba huku ndiko kelele inakoumiza zaidi. Ukimya wa usiku katika kijiji kama hiki ni mali ya wote, na unafanya kazi. Anayeujaza kwa muziki wake mpaka alfajiri amechukua kitu cha wote bila kuwauliza. Ukilitazama jambo hivyo, swali la nani anapenda muziki na nani anauchukia linakosa uzito. Linabaki swali la nani anatumia usiku wetu, saa ngapi, na kwa taarifa gani. Swali hilo linaweza kujibiwa hapahapa, na wenyewe mnaohusika, kwa kipimo ambacho tayari mnacho.

Usiku unafanya kazi gani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, wanavijiji wa pande za Kahama na Nzega walianza kujipanga kulinda makazi yao. Ndiyo sungusungu, ambayo kwa muda mfupi ilienea hadi huku, na mwaka 1989 Bunge likaitambua kisheria kwa kuipa mamlaka yanayofanana na ya mgambo. Wageni waliokuja kuiandika sungusungu walipenda sana kueleza pinde na mishale. Wenyeji mnajua kwamba kabla ya upinde kulikuwa na mwano. Zizi likivamiwa, mtu anapiga yowe. Aliyesikia anatoka, naye analipokeza. Kitongoji cha pili kinalidaka, cha tatu hivyohivyo, na njia za kutorokea zinazibwa kabla ng'ombe hawajafika mbali. Aliyesikia akajifunika blanketi alitozwa faini. Utaratibu huo wote ulisimama juu ya sharti moja ambalo hakuna aliyeliandika popote: kwamba usiku masikio ya kijiji yako wazi.

Mtaniambia siku hizi kuna simu. Ni kweli, na simu imeokoa wengi. Lakini simu huisha chaji, mtandao hupotea, na jambazi mwenye akili humnyang'anya mtu simu kabla hajamnyang'anya kingine. Nyumba ikishika moto, fisi akiingia zizini, mama akishikwa na uchungu usiku naye yuko peke yake na watoto, sauti yake inabaki kuwa msaada wa kwanza. Wenzetu wa vijiji vya Itilima, Bariadi na Meatu vinavyopakana na Pori la Akiba la Maswa wanalijua hili kuliko sisi. Tembo hapigi hodi. Anayelinda shamba anategemea kusikia mabua yakivunjika gizani, ndipo apige debe na filimbi kuwaita wenzake wamfukuze. Hapo kelele yenyewe ni silaha, lakini inafanya kazi kwa sababu kabla yake palikuwa kimya.

Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba muziki wa jirani unamzuia kusikia hajalalamikia usingizi wake peke yake. Anaweza kuwa anasema jambo linalohusu kijiji kizima, hata kama mwenyewe halisemi kwa maneno hayo.

Hatujawahi kuwa watu wa kimya

Nisieleweke vibaya. Sikuja kuhubiri kwamba zamani Usukuma ulikuwa kimya na kwamba kelele zimeletwa na vijana. Hakuna aliyewahi kusikia ngoma za bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja, atakayeamini maneno hayo. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyofuatilia asili yao hadi kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, vimeshindana kizazi baada ya kizazi, na ushindi huenda kwa upande uliovuta watu wengi zaidi. Pale Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, penye Makumbusho ya Wasukuma, mashindano hayo huonekana hadi leo katika sikukuu ya Bulabo, kila mwezi wa Juni. Watu wanaoshindana kwa ngoma hawawezi kuambiwa kwamba sauti kubwa ni ugeni kwao.

Tazameni lakini jinsi wazee walivyoipanga sauti hiyo. Mbina, yaani ngoma hizo za mashindano, ilikuwa na msimu wake, baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula ghalani na nafasi ya kupumzika. Ilikuwa na uwanja wake. Siku ilitangazwa mapema, watu wakajiandaa, hata yule asiyependa ngoma akajua ni lini na wapi. Na ilikuwa na mwisho. Binadamu huvumilia kelele kubwa sana akijua itakwisha lini. Kinachomchosha ni ile ndogo isiyo na ratiba, inayoanza bila taarifa na kuisha pale mwenye nayo atakapochoka.

Mambo matatu yaliivuruga hesabu hiyo. La kwanza ni makazi. Mji wa Msukuma wa zamani ulikaa peke yake katikati ya mashamba yake, na uzio wa minyaa kuuzunguka. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini kutakuwa amri, na operesheni ikazipanga nyumba katika mistari kando ya barabara. Baadaye wengi walirudi mashambani kwao, lakini senta zilibaki, na watu wanaendelea kujenga kuzizunguka. La pili ni umeme. Wakala wa Nishati Vijijini ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Nguzo zilipofika, zilifika pamoja na mashine za kuchomelea, vibanda umiza na friji za soda. Pale zisipofika, sola na jenereta zimefanya kazi hiyohiyo. La tatu ni sabufa yenyewe. Ngoma inamchosha mpigaji, kwa hiyo ina kikomo ndani yake. Sabufa haichoki. Mtu mmoja anaweza kuiwasha, akalala, ikaendelea kupiga kwa niaba yake.

Hesabu ya sauti

Sauti inasafiri mbali kuliko tunavyodhani, na hesabu yake si ngumu. Katika uwazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua takriban desibeli 6. Tuseme spika ya grosari inatoa desibeli 100 ukisimama mita 1 mbele yake, kiwango ambacho spika za muziki hukifikia bila shida. Ukiwa mita 10 utapata desibeli 80. Mita 100, desibeli 60. Kilomita 1, desibeli 40. Miti, kuta na upepo hubadilisha hesabu hiyo. Usiku, ardhi inapopoa kuliko hewa iliyo juu yake, sauti hupinda kurudi chini na kwenda mbali zaidi, na kwenye tambarare za mbuga kama zetu hakuna kilima cha kuizuia.

Sasa linganisheni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 40. Spika moja, kwa hesabu ya karatasi, inaweza kuufikia mpaka huo kwa mtu aliye kilomita nzima kutoka senta. Mjini sauti hiyo ingemezwa na magari. Huku hakuna cha kuimeza. Ndiyo sababu mwenye grosari anaweza kuapa kwa dhati kabisa kwamba muziki wake ni wa kawaida, na mama aliye ng'ambo ya korongo akaapa kwa dhati ileile kwamba halali. Wote wawili wanasema kweli.

Lipo pia suala la besi. Sauti nyembamba huishia njiani, lakini ule mdundo mzito hupenya ukuta wa tofali na kutikisa bati. Mara nyingi anayelalamika hasikii hata maneno ya wimbo. Anasikia mdundo tu, saa baada ya saa. Nitalirudia hili, kwa sababu migogoro mingi inaweza kumalizwa kwa kupunguza besi na kumwachia mwenye muziki wake sehemu kubwa ya alichokitaka.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Sura ya 191, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Chini yake zilitungwa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kwa nyumba za makazi, kiwango ni desibeli 50 mchana na desibeli 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo unaanza saa 4 na kuisha saa 12 asubuhi. Kanuni ya Adhabu nayo, Sura ya 16, inahesabu kero kwa umma kuwa kosa la jinai. Msimamizi mkuu ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ambalo mwaka 2023 lilifungia baa na kumbi kadhaa za starehe mijini kwa sababu ya kelele, na nchi nzima ikalijadili.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba sheria haipo. Ipo, na inambana mwenye kelele kuliko wengi wanavyojua. Ila wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ofisi ya NEMC iko mbali. Kipimo cha desibeli hakipo kwenye droo ya Mtendaji wa Kijiji. Na mkaguzi akija leo akaondoka kesho, wewe na jirani yako mtabaki mkichota maji kisima kimoja na kuzikana.

Fimbo ya karibu mnayo. Zagayu ni kata, na kila kata ina Baraza la Kata chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1985. Wengi wanalifahamu kwa mashauri ya ardhi, na wanajua kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu za ardhi, limebaki kusuluhisha. Wengine wakahitimisha kwamba baraza limekufa. Lakini isomeni sheria yenyewe: kazi ya msingi ya baraza, tangu siku ya kwanza, ni kuleta amani na utulivu katika eneo lake kwa kupatanisha watu na kutafuta suluhu ya haki. Wajumbe ni kati ya wanne na wanane, wanaochaguliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, na wakili haruhusiwi kusimama pale kumsemea mtu. Kwa ugomvi wa kelele, sijui chombo kinachofaa zaidi ya hicho.

Aliyetangulia na aliyefuata

Katika kila ugomvi wa aina hii kuna mtu atasema: mimi nilikuwepo kwanza. Mwenye mashine ya kusaga atasema aliifunga kabla nyumba ya mwalimu haijajengwa. Hoja hii ina uzito kiasi gani?

Mwaka 1879 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Sturges dhidi ya Bridgman. Bridgman alikuwa mtengeneza vitu vitamu jijini London, na vinu vyake vikubwa vilikuwa vimetwanga nyuma ya nyumba kwa zaidi ya miaka 20. Daktari Sturges alihamia nyumba ya pili bila shida yoyote, mpaka alipojenga chumba cha kupokelea wagonjwa mwisho wa bustani yake, kikagusana na ukuta wa vinu. Akashtaki, akashinda. Mahakama ilisema kutangulia peke yake hakumpi mtu haki ya kumsumbua jirani. Ilisema pia kwamba kero hupimwa kwa mahali ilipo, kwa kuwa kinachovumilika katika mtaa wa viwanda hakivumiliki katika mtaa wa makazi. Kwa kuwa nchi yetu ilirithi sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, misingi hiyo bado inasomwa na majaji wetu. Na kama kero hupimwa kwa mahali, basi hapa mahali ni Zagayu, na kipimo kitokane na Zagayu.

Kesi ya pili inanivutia zaidi, kwa sababu ilitokea shambani. Mwanamke aitwaye Kennaway alijenga nyumba karibu na ziwa ambalo klabu ya mashua za injini ilikuwa ikifanyia mashindano, na mashindano yakazidi kukua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza haikuifunga klabu wala kumwambia mama yule ahame. Ilikaa na kalenda. Ikaruhusu kila mwaka shindano moja kubwa la kimataifa la siku tatu, mashindano mawili ya kitaifa, na machache ya klabu yenyewe, ikaacha nafasi kati yake, na siku nyingine zote ikaweka kikomo cha sauti. Majaji wale, kwa gharama kubwa ya mawakili, walifika pale ambapo wacheza mbina wa huku walikuwa wamefika zamani: msimu, siku inayojulikana, na mwisho.

Namna ya kukaa kikao

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana ana grosari senta. Nyuma yake, hatua kama 200, anaishi mama mjane na wajukuu wake. Muziki unaenda mpaka saa 8 usiku. Mama amenyamaza miezi mingi, kisha siku moja ametuma mjukuu aende kusema "bibi anasema zimeni makelele". Kijana mbele ya wateja amejibu vibaya. Ugomvi umezaliwa, na sasa una mambo mawili: kelele, na aibu.

Anzeni na aibu. Mwenyekiti wa kitongoji amfuate kijana mchana, kabla ya biashara, asimwite hadharani. Amsikilize kwanza yeye, kwa sababu anajua anashutumiwa. Atasema wateja wanafuata muziki, na akizima watakwenda senta nyingine. Hiyo ni hoja ya kweli, mkopo wa friji ni wa kweli, na suluhu isiyoijibu haitadumu. Kisha amsikilize mama, amuulize maswali mahususi: ni siku zipi, saa ngapi, chumba gani, ni maneno unasikia au mdundo? Mtu aliyekasirika husema "kila siku". Ukimuuliza taratibu, unaweza kukuta ni Ijumaa, Jumamosi na siku ya mnada. Hapo tatizo limepungua kabla hamjakaa.

Halafu msikae ofisini. Mwenyekiti, mjumbe mmoja na kijana mwenyewe waende nyumbani kwa mama saa 5 usiku, muziki ukiwa unapigwa, wasimame pale anapolala na wajukuu. Mara nyingi kijana hajawahi kuusikia muziki wake kutoka upande ule. Msimwambie kitu, mwacheni asikilize.

Na hapo ndipo mtumie kipimo nilichosema mnacho. Mtu mmoja wa sungusungu aende nyumba ya mwisho ya kitongoji, apige filimbi au yowe la majaribio, kwa taarifa ya awali ili watu wasikurupuke na mishale. Je, linasikika hapa, muziki ukiwa unapigwa? Kama halisikiki, mjadala wa nani anapenda nini umekwisha. Muziki unaozima yowe umevuka mpaka, uwe wa grosari, wa harusi au wa injili. Kama linasikika, yaliyobaki ni ya kupatana, na kijana ana haki ya kusikilizwa kama mtu asiye na kosa kubwa. Kipimo hiki hakihitaji betri, kila mtu anakielewa, na hakimpendelei tajiri wala mzee.

Mapatano yenyewe yawe ya vitu vinavyoonekana. Spika iingie ndani, igeuzwe ielekee barabarani badala ya nyumba, iinuliwe kutoka sakafuni, besi ipunguzwe ifikapo saa 4, na muziki uzimwe saa 6 usiku wa wikiendi. Mama naye akubali kwamba usiku wa mnada utakuwa mrefu kidogo, na kwamba akiwa na shida atampigia kijana simu mwenyewe, hatamtuma mtoto. Yaandikwe kwenye karatasi, wote watie saini au dole gumba, nakala ibaki kwa Mtendaji, na iandikwe siku ya kurudi kutazama kama yanafuatwa, mwezi mmoja baadaye. Suluhu isiyo na siku ya kurudi huwa ni salamu tu.

Kijana amwambie mama, "Mayu, siku ile nilikujibu vibaya, naomba unisamehe." Hili lisiachwe kwa sababu karatasi imesainiwa. Karatasi inamaliza kelele. Neno hili ndilo linalomaliza aibu.

Yanayoharibu

Yapo mambo ambayo yakifanyika, ugomvi mdogo unakuwa mkubwa. Kukata waya wa mtu au kumrushia mawe batini ni jinai, hata kama umekosa usingizi wiki nzima. Kumtenga mtu, asisalimiwe wala asisaidiwe msibani, ni adhabu ambayo sungusungu imewahi kuitumia, na ina nguvu kweli. Lakini inampiga mke na watoto pamoja naye, na haina mlango wa kutokea. Isitumike kwa jambo la sabufa.

Kubwa kuliko yote ni maneno ya vitisho. Tunaishi katika kanda ambayo wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na taarifa za haki za binadamu zimeitaja mikoa ya huku mwaka baada ya mwaka. Tuhuma hizo mara nyingi huanzia kwenye ugomvi mdogo wa majirani. Mama aliyechoka anasema "mtaona". Wiki tatu baadaye mtoto wa mwenye grosari anaugua, na neno lile linakumbukwa. Ndiyo maana nawaomba wenyeviti msiseme kwamba jambo la kelele linaweza kusubiri. Neno "utaona" likitamkwa mbele yenu, lisimamisheni palepale, mtakeni aliyelisema aeleze alikusudia nini, na mwandike alichoeleza. Kwa kufanya hivyo mnaweza kuwa mnalinda uhai wa mtu.

Kuhusu nyumba za ibada nitasema kwa kifupi na kwa heshima. Mkesha wa maombi na adhana ni ibada, na mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka ya kupima imani ya mtu. Lakini kipaza sauti ni chombo cha umeme kama vingine vyote, na waumini waliomo ndani wanamsikia mchungaji au shehe bila spika ya nje. Viongozi wa dini wakiwa wa kwanza kugeuza spika zao, mwenye grosari hatakuwa na pa kujifichia. Wakiwa wa mwisho, hakuna atakayewafuata.

Ninachopendekeza

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya Mamlaka za Wilaya, inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, baada ya kupata maoni ya mkutano mkuu wa kijiji, na kuipeleka Halmashauri ya Wilaya iidhinishwe. Kila mtu mzima mkazi wa kijiji ni mjumbe wa mkutano huo. Napendekeza mjadili mambo manne tu, maana sheria ndogo yenye vifungu vingi haisomwi.

Kwanza, saa. Mashine ya kusaga, kuchomelea na kazi nyingine za injini zifanyike kati ya saa 12 asubuhi na saa 2 usiku. Unga ni mahitaji ya kila nyumba, kwa hiyo mchana mwenye mashine aachwe afanye kazi, na anayemlalamikia mchana aambiwe hivyo waziwazi.

Pili, taarifa. Sherehe itakayovuka saa 4 usiku itangazwe kwa Mtendaji na kwa majirani siku tatu kabla, pamoja na saa ya kuisha. Msiba usiwekewe masharti hayo, lakini muziki wa msibani uwe na saa ya kuzimwa.

Tatu, yowe. Sauti yoyote ya umeme inayozuia yowe la kitongoji kusikika usiku izimwe mara mlinzi wa zamu anapoomba, bila mjadala. Mjadala ufanyike kesho yake.

Nne, ngazi. Malalamiko yaanze kwa mwenyekiti wa kitongoji, yaende Serikali ya Kijiji, kisha Baraza la Kata. Polisi na NEMC wafuatwe pale ngazi hizo zimeshindwa, au pale pana vitisho na uharibifu, ambavyo havisubiri ngazi.

Jaribio la filimbi lifanyike kabla msimu wa harusi haujaanza, wakati bado hakuna aliyegombana na mtu. Likifanyika baada ya ugomvi, kila mmoja atadai limepangwa dhidi yake.

Ndugu Mwenyekiti, muda uliobaki ni wa wananchi. Naomba swali la kwanza apewe mwenye grosari au mwenye mashine, kama yupo hapa. Yeye ndiye atakayeombwa kugeuza spika na kupoteza saa za biashara, na kijiji kinapaswa kumsikia kabla ya kupitisha azimio linalomhusu.